Kivinjari Bila Waya wa Simu: Uvira na Ujio wa Intaneti Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Historia ya intaneti katika Afrika ya Mashariki na ya Kati imezoea kuandikwa kwa kufuata ratiba ya miji mikuu. Hutajwa mwaka ambao Nairobi iliunganishwa, mwaka ambao Dar es Salaam au Kampala ilipata mtoa huduma wake wa kwanza, na idadi ya wateja waliojiandikisha. Masimulizi ya aina hiyo yamejengwa juu ya dhana moja ambayo haitajwi kwa kuwa huonekana dhahiri mno: kwamba palikuwapo waya wa simu, na kwamba intaneti ilipofika iliukuta waya huo ukiingoja.

Makala haya yanakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa kuuangalia mji wa Uvira, katika Kivu ya Kusini, pale ambapo Ziwa Tanganyika linaishia upande wa kaskazini na Mto Ruzizi kuingia ziwani. Hoja ya makala ni kwamba katika Uvira intaneti ilifika mahali ambapo waya wa simu ulikuwa umekwisha kufa. Kazi ambayo kwingineko ilifanywa na laini ya simu, hapa ilifanywa na watu, na redio, na mpaka wa nchi. Kwa hiyo mwenye kuitafuta historia ya intaneti ya Uvira katika orodha za wateja wa simu hataiona, na kosa lake litakuwa ni kudhani kuwa haikuwapo.

2.0 Masharti ya Kupiga Namba

Ili uzito wa hoja hii ueleweke, inafaa kukumbuka jinsi mtu wa miaka ya 1990 alivyojiunganisha. Mtandao wa kurasa uliobuniwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Geneva, ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Kivinjari cha Mosaic kilitolewa mwaka 1993, na Netscape Navigator kikafuata mwishoni mwa mwaka 1994. Vivinjari hivyo vilikuwa vyepesi na vingeweza kuhifadhiwa katika disketi chache. Ugumu haukuwa katika kivinjari chenyewe, bali katika mambo yaliyopaswa kutangulia kabla hakijafunguliwa.

Kompyuta zilizotumia Windows 3.1 hazikuja na itifaki za intaneti. Mwenye kompyuta alilazimika kuongeza programu nyingine ya kuzifundisha lugha hiyo, na iliyojulikana zaidi ilikuwa Trumpet Winsock, iliyoandikwa na Peter Tattam wa Tasmania, Australia. Windows 95 ilipotoka, kazi hiyo iliingizwa ndani ya mfumo wenyewe, lakini orodha ya mahitaji ilibaki ileile. Ilihitajika modemu, yaani chombo cha kugeuza tarakimu za kompyuta kuwa sauti inayoweza kupita katika waya wa simu, na kuigeuza sauti kuwa tarakimu upande wa pili. Ilihitajika namba ya simu ya mtoa huduma, jina la mteja, neno la siri, na anwani ya kompyuta ya kutafsiri majina, ambayo iliandikwa kwa mafungu manne ya tarakimu. Kosa la tarakimu moja lilitosha kuifanya modemu ipige, ipokelewe, iimbe wimbo wake wa mikwaruzo, kisha kivinjari kibaki kitupu.

Kasi nayo ilikuwa ndogo. Modemu ya biti 28,800 kwa sekunde, ikifanya kazi kwa ukamilifu wake, ilihitaji takribani sekunde 28 kuleta picha moja ya kilobaiti 100. Katika waya wenye kelele, modemu hupunguza kasi yenyewe ili ielewane na mwenzake. Ikishuka hadi biti 9,600, picha hiyohiyo huchukua karibu dakika moja na nusu. Na katika muda huo wote simu ilikuwa ikihesabiwa gharama kama vile watu wawili wanazungumza.

Yote haya yalidai masharti matatu: waya wa simu usio na kelele nyingi, umeme usiokatika katikati ya kazi, na mtoa huduma aliye karibu kiasi cha kupigiwa kwa bei ya simu ya mji. Nairobi iliyatimiza masharti hayo, ingawa kwa shida, na kufikia mwaka 1995 wakazi wake waliweza kujiandikisha kwa watoa huduma kama Africa Online. Katika Uvira, sharti la kwanza ndilo lililokosekana.

3.0 Waya Uliokufa

Umbali kutoka Uvira hadi Bujumbura kwa barabara hauzidi kilomita 30. Usiku mtu aliyesimama ufukweni Uvira huziona taa za Bujumbura ng'ambo ya maji. Kwa mujibu wa sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1925, Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Kwa hiyo mji wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, na mji wa Uvira ilikuwa chini ya serikali moja ya kikoloni. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Burundi tarehe 1 Julai 1962, miji hiyo miwili iliyotazamana ikawa katika mataifa mawili. Simu kutoka mmoja kwenda mwingine ikawa simu ya nje, yenye msimbo wa 243 upande mmoja na 257 upande wa pili. Na ilikuwa desturi ya mitandao ya simu ya Afrika kwamba simu kati ya nchi jirani mara nyingi ilizungushwa kwanza Ulaya. Hivyo mji ulioonekana kwa macho uliweza kuwa mbali kwa hesabu za simu kuliko Brussels.

Miaka ya mwanzo ya uhuru haikuwa ya utulivu. Mwezi Mei 1964 Uvira ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kutekwa katika uasi wa mashariki mwa Kongo. Baadaye, katika enzi ya Zaire, huduma za posta na simu zilisimamiwa na shirika la umma lililojulikana kwa kifupi kama ONPTZ. Shirika hilo lilidhoofika pamoja na dola lililolimiliki. Mporomoko wa fedha ulipofikia kiwango cha kwamba, mwezi Oktoba 1993, zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani, ankara ya simu haikuweza tena kununua hata kipuri cha kuitengenezea simu hiyo. Nchini kote laini za simu zilikuwa pungufu ya moja kwa kila watu 1,000, na nyingi kati ya hizo zilikuwa Kinshasa na Lubumbashi.

Ni kweli kwamba Zaire ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani kuwa na simu za mkononi, kupitia kampuni ya Telecel iliyoanzishwa na Miko Rwayitare mwaka 1986. Lakini simu hizo zilikuwa za mawaziri, wafanyabiashara wakubwa na mabalozi. Ziliziba pengo la dola kwa wenye fedha, na kwa kufanya hivyo ziliwaondoa katika foleni ya wadai watu pekee ambao sauti yao ingelilazimisha shirika la umma litengeneze nyaya.

Vita vilipouingia mji wa Uvira mwishoni mwa mwezi Oktoba 1996, simu ya waya haikuwa tena huduma ambayo mkazi wa kawaida angeweza kuitegemea. Hata jina la nchi katika intaneti halikudumu. Anwani za Zaire ziliishia kwa herufi .zr, baada ya nchi kurudia jina la Kongo mwezi Mei 1997, herufi.cd zilianzishwa, na zile za zamani zikafutwa kabisa mwaka 2001. Wengi wa wakazi wa Uvira hawakuwahi kuandika anwani yenye herufi hizo za kwanza, nazo zikatoweka kabla hawajakutana nazo.

4.0 Sauti Hewani

Mahali pa waya palichukuliwa na redio. Parokia, misheni, hospitali, mashirika ya misaada na baadhi ya wafanyabiashara wa Kivu walitumia redio za masafa marefu, ambazo watu huziita kwa neno la Kifaransa, phonie. Redio hizo zilitaka antena, betri ya gari na saa maalumu za kukutana hewani. Hazikuwa na siri: kila mwenye chombo kwenye masafa hayo alisikia. Waliozitumia walijifunza kusema kwa mafumbo, kutaja watu kwa herufi na kuacha habari nzito zisubiri msafiri.

Kuanzia mwaka 1993, wakimbizi wa Burundi, na mwaka uliofuata wa Rwanda, walipoingia kwa wingi katika bonde la Ruzizi, mashirika ya kimataifa yalileta redio za aina hiyo zilizounganishwa na modemu maalumu. Kwa njia hiyo barua pepe fupi iliweza kusafiri hewani kutoka kambini hadi kituo chenye intaneti. Bushnet ya Kampala ilitoa huduma kama hiyo katika eneo la Maziwa Makuu. Kasi yake ilikuwa ndogo hata kuliko ya modemu ya simu, na picha au kurasa hazikuwezekana. Maandishi matupu yalipita. Kwa mtazamo wa fundi huo ulikuwa mtandao duni; kwa mtazamo wa mwanahistoria, huo ndio mtandao uliokuwapo.

Umuhimu wake unaonekana katika tukio la Makobola, kusini mwa Uvira. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na tarehe 2 Januari 1999, raia wengi waliuawa katika vijiji vya eneo hilo. Hapakuwa na simu ya umma, barabara haikuwa salama, na waliolitawala eneo hawakuwa na nia ya kuitangaza habari hiyo. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwezi Januari 1999 ilikwisha kujulikana Ulaya, ikitangazwa na MISNA, shirika la habari la wamisionari Wakatoliki lililokuwa Roma. Taarifa za mwanzo zilitaja watu wapatao 500. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010, baada ya uchunguzi mrefu, iliandika zaidi ya 800. Pengo kati ya idadi hizo linaonyesha ni kiasi gani cha habari kilichoweza kupita katika njia nyembamba. Lakini kwamba kuna kilichopita, na kwa siku chache tu, kunathibitisha kuwa Uvira haikuwa kimya. Uhai wa kumbukumbu ya wafu wale ulitegemea watu waliojua kuipitisha habari mahali ambapo waya haukuwapo.

5.0 Kuvuka Kavimvira

Njia ya pili ilikuwa ya miguu na magurudumu. Mtu alitoka Uvira, akapita kituo cha mpakani cha Kavimvira, akaingia Gatumba upande wa Burundi, na kutoka hapo akaendelea hadi Bujumbura. Njia hiyo haikuanzishwa na intaneti. Posta ya Kongo ilipozorota, taasisi na vyama vingi vya Uvira viliandika katika barua zao anwani mbili: sanduku la posta la Uvira, na chini yake sanduku la posta la Bujumbura, ambalo ndilo barua zilikofika. Watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Viumbe vya Majini cha Uvira, kinachojulikana kama CRH, walichapisha kazi zao kuhusu samaki na maji ya ziwa wakiwa na anwani ya aina hiyo. Bukavu nayo ilifanya vivyo hivyo kwa kutumia masanduku ya Cyangugu, Rwanda.

Huduma ya intaneti ilipoanza Bujumbura katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, kupitia mtoa huduma aliyeitwa CBINET, desturi ya anwani mbili iliendelea tu katika chombo kipya. Anwani ya barua pepe ya chama cha Uvira ikawa ya Burundi, kama lilivyokuwa sanduku lake la posta. Katika mpangilio huu mtoa huduma hakupigiwa namba, aliendewa. Neno la siri lilimhusu mtu aliyeaminiwa na wenzake kubeba barua za wote, kuzifungua, kuzichapa na kuzirudisha jioni kabla mpaka haujafungwa. Ikiwa modemu ni chombo cha kugeuza ujumbe kutoka umbo moja hadi jingine ili uweze kusafiri, basi msafiri huyo alikuwa modemu ya Uvira.

Kasi ya modemu hiyo ilipimwa kwa siasa. Burundi yenyewe ilikuwa vitani tangu mwaka 1993. Baada ya mapinduzi ya mwezi Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi mwezi Januari 1999. Barabara ya Gatumba ilikuwa na hatari zake, na eneo hilo ndilo lililoshuhudia misukosuko ya wakimbizi; mwezi Agosti 2004 wakimbizi Wakongo zaidi ya 150 waliuawa katika kambi ya Gatumba. Kila mpaka ulipofungwa, barua pepe za Uvira zililala Bujumbura bila kusomwa. Mtumaji aliyekuwa Ulaya, asiyejua hilo, alidhani kuwa amepuuzwa.

Jambo moja halikuhitaji kugeuzwa umbo kuvuka mpaka, nalo ni lugha. Kiswahili kilifika ncha hii ya ziwa katika karne ya 19 pamoja na misafara na mitumbwi ya wafanyabiashara kutoka Ujiji; Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858 walipita katika njia hiyohiyo ya maji. Karne moja na nusu baadaye, mtu wa Uvira aliyeingia Bujumbura na kupitia mtaa wa Buyenzi alizungumza na wenyeji wake kwa Kiswahili, ingawa barua aliyoibeba huenda iliandikwa kwa Kifaransa. Mtandao wa lugha ulikwisha kutandazwa zamani, na mtandao wa kompyuta ulipita juu yake.

6.0 Kuvinjari kwa Niaba

Mazingira ya namna hii hayakuwa ya Uvira peke yake, na wataalamu wa nje waliyatambua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kituo cha fizikia cha ICTP, mjini Trieste, Italia, kilitengeneza mfumo ulioitwa www4mail. Mtafiti asiye na intaneti kamili aliandika anwani ya ukurasa ndani ya barua pepe. Mfumo uliufungua ukurasa kwa niaba yake na kumrudishia maandishi kwa barua. Mtu aliweza kusoma kurasa bila kumiliki kivinjari, mradi awe na subira na njia yoyote ya kupokea barua.

Baada ya serikali ya mpito kuundwa Kinshasa mwezi Juni 2003, njia zilianza kuongezeka. Kampuni za simu za mkononi zilizoanza kazi Kongo mwanzoni mwa muongo huo, Celtel na Vodacom, zilipanua mitandao yao mashariki. Vyumba vya intaneti vilivyotumia dishi za setilaiti vilifunguliwa katika miji ya Kivu, navyo vilikuwa na mtu wa zamu aliyewafungulia wateja anwani na kuwasomea majibu. Mwaka 2006 kivinjari cha Opera Mini kilitolewa duniani kote. Simu ndogo iliomba ukurasa, kompyuta za kampuni hiyo ziliufungua na kuukaza, kisha ziliituma nakala nyepesi. Ufundi ulikuwa mpya, lakini kanuni yake ilikuwa ileile ya msafiri wa Kavimvira: mwingine anakwenda kwa niaba yako na kukuletea kile kinachoweza kubebeka. Hatua ya modemu na waya wa simu, ambayo vitabu huifanya mlango wa lazima, Uvira iliirukia.

Hapa wanafunzi wa istilahi wana jambo la kulitafakari. Kiswahili Sanifu kimelikubali neno kivinjari, kutokana na vinjari, yaani kuzungukazunguka kwa kuchunguza, neno ambalo zamani lilitumiwa pia kwa chombo cha majini kinachofanya doria. Neno hilo linamchora mtumiaji kuwa nahodha anayejiendea apendako. Kwa mtu wa Uvira wa mwaka 1999 picha hiyo ingekuwa na kasoro. Yeye hakuvinjari, alituma, akangoja, akapokea. Istilahi zinazotungwa kwa kufuata uzoefu wa miji yenye waya huweza kuficha uzoefu wa wasemaji wengine wa lugha hiyohiyo. Si lazima neno libadilishwe, ila anayelifundisha afahamu kuwa limebeba historia ya mahali fulani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kukosekana kwa waya wa simu katika Uvira hakukuwa ukosefu wa mawasiliano. Waya uliuawa na mpaka, mfumuko wa bei na vita, kwa utaratibu huo. Na kazi yake ikagawanywa kati ya redio, sanduku la posta la nchi jirani na msafiri aliyeaminiwa. Gharama ya mpango huo ilikuwa kubwa: siri kidogo, ucheleweshaji mwingi, na utegemezi kwa amani ya nchi mbili kwa wakati mmoja. Lakini ulifanya kazi, na Makobola ni ushahidi wake mzito.

Liko pia suala la vyanzo. Barua pepe zilizochapwa Bujumbura na kubebwa hadi Uvira zilikuwa karatasi za kawaida, na karatasi za kawaida hupotea katika kukimbia, katika mvua na katika moto. Daftari za ratiba za redio, barua zenye anwani mbili na disketi zilizosahauliwa katika makabati ya parokia na vyama ndizo nyaraka za historia hii. Waliozibeba wengi wao bado wanaweza kuhojiwa, na kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha yao, idara za Kiswahili zina nafasi ambayo idara za uhandisi hazina. Kazi hiyo isipofanywa mapema, orodha za wateja wa simu zitabaki kuwa ushahidi pekee, nazo zitasema kwamba katika Uvira hapakuwa na mtu.